Mtu na Mila: Mgeni Aingiapo, Mwenyeji Apokeapo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Rumonge, Burundi)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, kisha akawafanya mataifa na makabila ili wapate kujuana. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

 

Halmashauri ya chama chetu imeniagiza niseme machache juu ya mila, jinsi inavyomlea mtu, na jinsi mtu awezavyo kuingia katika mila ya watu wengine bila ya kuipoteza dini yake wala heshima yake. Nimeipokea kazi hii kwa moyo mzito kidogo, kwani katika jambo hili mimi mwenyewe ni mdaiwa, nanyi mtanisikia nikilikiri deni langu kabla sijaketi.

Na tuanze na mwanzo wa mambo. Mtoto hazaliwi na mila, bali huikuta nyumbani kama akutavyo jamvi limekwisha tandikwa. Kabla hajajua kusema, amekwisha jifunza nani husalimiwa kwanza, mkono gani hupokea chakula, wakati gani wa kucheka na wakati gani wa kunyamaza. Hayo yote hakufundishwa kwa kitabu. Aliyanyonya pamoja na maziwa. Ndiyo maana akiwa mtu mzima haoni kwamba ana mila. Yeye huona kwamba anafanya lililo sawa, na kwamba mwenye mila ni yule mwingine.

Chukueni mfano wa salamu. Mtoto aliyelelewa ng'ambo ya ziwa, Kigoma au Tabora, akimwona mzee humwambia “Shikamoo”, na hungojea kuitikiwa “Marahaba”. Mtoto aliyelelewa katika vilima vyetu vya Burundi humpa mzee mkono wa kulia, na mkono wake wa kushoto hushika kiwiko cha ule wa kulia, kuonyesha kwamba salamu ile ina uzito. Wote wawili wamefunzwa adabu, na wazazi wao hawakufanya uvivu. Lakini wakutanisheni kila mmoja na mzee wa mwenzake. Yule wa kwanza atasema shikamoo na kunyosha mkono mmoja mtupu, na mzee wa vilimani atasema moyoni, “Mtoto huyu hana malezi.” Yule wa pili atashika kiwiko chake asiseme shikamoo, na mzee wa Kigoma atanung'unika maneno yale yale. Adabu ipo pande zote mbili, na pande zote mbili haikuonekana.

Ndugu zangu, jambo hili si geni katika dini yetu. Twasoma katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya kuchoma nyumbani kwa Bibi Maymuna. Alipokwisha kunyosha mkono akaambiwa kwamba ile ni nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jinsi ya mjusi. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamwuliza kama ni haramu. Mtume akajibu kwamba si haramu, ila mnyama yule hakuwapo katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta ile nyama akaila, na Mtume akimtazama.

Tazameni mambo yaliyomo katika kisa hicho kifupi. Kwanza, Mtume mwenyewe alikiri kwamba nchi aliyolelewa mtu huingia hata katika ulimi wake wa kuonja. Pili, hakulifanya lile asilolipenda kuwa dhambi juu ya mwingine. Tatu, Khalid naye alikuwa Mkureshi wa Makka, na hata hivyo alikula. Hapo twajua kwamba mila humlea mtu lakini haimfungi kwa minyororo, na kwamba watu wa kabila moja wanaweza kutofautiana mezani pasiwe na ugomvi.

Kisa cha pili ni cha Sayyidna Umar (r.a.). Yeye alisimulia kwamba Makureshi kule Makka walikuwa ndio wenye kauli juu ya wake zao; walipohamia Madina waliwakuta Ansari, ambao wake zao ndio walikuwa na kauli. Basi wanawake wa Kikureshi wakaanza kuchukua tabia ya wenzao. Siku moja Umar alimkemea mkewe, naye akamjibu. Umar alipostaajabu, mke akamwambia hana haja ya kustaajabu, kwani wake za Mtume nao humjibu Mtume. Mnaona, ndugu zangu? Miaka michache tu ya ujirani ilibadili mazungumzo ndani ya nyumba ya Umar, mtu aliyeogopwa na Waarabu wote. Ujirani hubadili watu, upende usipende. Basi mwenye busara huangalia unambadili kwa kheri au kwa shari, wala hapotezi nguvu zake kuuzuia usimguse kabisa.

Sasa nitasema yangu. Nilipokuwa kijana nilivuka ziwa kwenda Ujiji kusoma chuoni. Nilikuwa najua Kirundi vizuri na Kiswahili kidogo, na ulimi wangu, kama ndimi nyingi za kwetu, ulikuwa hautofautishi “l” na “r”. Siku ya kwanza nilisema kwamba nataka “kurara”. Wanafunzi wenzangu walicheka hata wengine wakashika matumbo. Kwa muda wa mwaka mzima jina langu lilikuwa hilo. Nilijifunza kunyamaza. Hata nilipokuwa najua jawabu la swali la mwalimu, nilinyamaza, kwa kuogopa ulimi wangu. Na watu wakasema kwamba wanafunzi wa Burundi ni wazito wa kufahamu. Wallahi, hatukuwa wazito. Tulikuwa tunaona haya.

Naliyasahau hayo nilipopata kilemba. Na hapa ndipo deni langu lilipoanzia.

Ninyi nyote mwajua historia ya mji wetu huu. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia kutoka pwani hii ya ziwa, na kutoka sehemu nyingine za nchi, wakaingia Tanzania. Wengi wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka misitu, wakalima, wakaoa, wakazaa. Mwaka 2014 nchi ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao na wa kizazi chao. Wengine walichagua kurudi. Miaka ya 2008 na 2009 walirejea makumi ya maelfu kutoka makao yale ya zamani. Kisha fitina ya mwaka 2015 ikawatoa watu tena, na tangu mwaka 2017 wengine wakaanza tena kurejea.

Twawaita “waliorudi”. Lakini fikirini: kijana aliyezaliwa Mishamo mwaka 1985, ambaye hakupata kuliona ziwa hili upande wetu, amerudi wapi? Baba yake ndiye aliyerudi. Yeye amehamia. Amekuja katika nchi aliyoisikia kwa masimulizi tu, na shule ambayo baada ya Kirundi hudai Kifaransa, ilhali yeye alisoma kwa Kiswahili. Wako watoto wa miaka kumi na minne waliowekwa darasa moja na wa miaka minane, magoti yao hayaingii chini ya dawati. Wenzao wakawacheka. Nami, niliyechekwa Ujiji, sikuliona.

Basi mtu mmoja katika hao aliondokewa na mama yake. Jina lake silitaji, wala la jirani yake, ingawa wote wawili wameniruhusu nikisimulie kisa hiki. Mama alizikwa siku ile ile kabla ya Alasiri, kama ilivyo sunna. Yule bwana akatandika majamvi uani, akangojea watu waje kukaa naye na kulala matangani siku tatu, kama walivyozoea kule walikokuwa. Majirani walikuja. Wakampa mkono wa pole, wakaketi kitambo kwa utulivu, wakaacha chochote walichojaliwa, wakaondoka. Kwa mila ya hapa walikuwa wamefanya lile tuliitalo kwa Kirundi gufata mu mugongo, yaani kumshika mfiwa mgongoni asianguke. Sasa walikuwa wakingojea waambiwe siku ya kuondoa tanga, ndipo waje wote, waseme maneno ya kumkumbuka marehemu, na mfiwa arudi miongoni mwa watu. Siku ile haikutangazwa. Yule bwana alisoma hitima siku ya tatu na watu wachache, akakunja majamvi yake.

Majamvi yale yalikuwa yamebaki matupu usiku kucha, usiku tatu. Yeye akasema, “Wametuachia msiba peke yetu, kwa kuwa sisi si watu wa hapa.” Na jirani yake akasema, “Amemzika mama yake kama mtu asiye na majirani.” Jirani huyo ni Mwislamu mwenzetu, na nyumba zao zimepakana. Tangu siku ile hawakuamkiana. Jirani alipooza binti yake, yule bwana hakwenda. Mbuzi wakaingia shambani, yakaanza maneno ya mpaka. Na mnajua katika mji huu neno “mpaka” lina moto kiasi gani. Mwisho wakakataza watoto wao wasikae jamvi moja madrasani.

Na mimi nilifanya nini? Ijumaa moja nilipanda mimbari nikasema juu ya watu “waliokuja na desturi za ng'ambo, wasiojua kuishi na wenyeji”. Sikutaja mtu, lakini msikiti wote ulijua. Ijumaa ya pili mahali pake katika safu ya pili palikuwa pana mtu mwingine. Ijumaa ya tatu kadhalika.

Baada ya siku chache mwanawe, mtoto wa miaka kama kumi, alikuja madrasani akaniuliza mbele ya wenzake: “Maalim, desturi ya ng'ambo ni dhambi gani?” Hakuuliza kwa ufedhuli, alitaka kujua aiandike wapi katika daftari lake, baada ya uwongo au baada ya kusengenya. Sikuwa na jawabu. Usiku ule nilikumbuka kule Ujiji, na lile neno “kurara”.

Nilikwenda kwake baada ya Isha, nikamwomba radhi. Akanisamehe, lakini nikajua kwamba haitoshi. Kwa kuwa nilimvunjia heshima mimbarini, nilipaswa kuirudisha mimbarini, nami nikafanya hivyo Ijumaa iliyofuata. Kisha nikawakalisha wote wawili pamoja na wazee wawili, mmoja wa kila upande. Kila mmoja akaeleza jinsi msiba ufanywavyo kwao. Yule jirani alisikiliza habari ya majamvi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Kumbe tulikuwa tukingojeana.”

Ndugu zangu, katika miaka yangu yote ya kusuluhisha watu sijasikia neno lililofupisha ugomvi kuliko hilo. Walipatana siku, wakapika pamoja, ikasomwa dua, na majirani wakasema maneno yao ya kumkumbuka yule mama. Shauri la mpaka lilikwenda mahali pake, na hukumu yake haikuwa tamu kwa yeyote. Lakini waliliendea wakiamkiana.

Sasa tuangalie mafunzo. Wahenga wametuachia methali mbili ambazo kwa nje zapigana. Moja yasema: Mwacha mila ni mtumwa. Nyingine yasema: Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Tufuate ipi?

Jawabu tutalipata kwa wanavyuoni. Wao wameweka kanuni isemayo Al-aada muhakkama, yaani ada ya watu hutegemewa katika hukumu, maadamu haikupingana na sheria. Kwa kanuni hiyo mambo yetu hugawanyika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni yale ambayo dini imeyaamrisha: sala, saumu, uaminifu, kutunza wazazi. Hayo hayabadiliki kwa kuvuka ziwa wala bahari. Sehemu ya pili ni yale iliyoyakataza. Ukialikwa na jirani Mrundi asiye Mwislamu katika sherehe, na vibuyu vya urwarwa vikazungushwa, pombe ni pombe. Lakini kumbuka, kilichokatazwa ni kinywaji, si jirani. Nenda, keti, mpe mkono kwa mikono miwili, sema neno lako la kheri. Na mwenyeji muungwana atakuwekea soda. Asiyekwenda kabisa kwa kuiogopa pombe, ameilinda koo yake na kuupoteza ujirani, ambao nao umeamrishwa.

Sehemu ya tatu, nayo ni kubwa kuliko mnavyodhani, ni yale yaliyoachiwa watu: namna ya kuamkiana, ya kuvaa nguo ya sitara, ya kupika, ya kuketi msibani, ya kuposa. Hapa ndipo jicho hufumbwa. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa kwamba watu wale hawasomi barua isiyo na muhuri. Hakusema, “Sisi hatuna desturi hiyo.” Alijifanyizia pete ya fedha, akaandikisha jina lake, akapiga muhuri. Desturi ya watu wengine iliubeba ujumbe wa Mwenyezi Mungu, wala haukupungua hata herufi.

Basi methali zile hazipigani. Mila usiyopaswa kuiacha ni ile iliyoshikamana na dini yako na utu wako. Na jicho la kufumba ni katika yale yaliyoachiwa hiari. Balaa letu ni kuyachanganya. Twapigania vikombe kama tunapigania kibla.

Kwenu ninyi mlioingia, nina maneno matatu. La kwanza, jifunzeni lugha. Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza upesi. Kirundi na Kifaransa havitawatoa katika Uislamu wala katika Kiswahili chenu. La pili, tafuteni soko. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipofika Madina, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake, yeye akamwombea baraka, akasema aonyeshwe soko. Akaanza kwa jibini na samli. Mtu akikujua kwa kazi yako, husahau upesi ulikotoka. La tatu, msione haya kwa kuwa na huzuni. Wahajiri walipofika Madina walipatwa na homa, na Bilal (r.a.) alikuwa akiitamani Makka, mabonde yake na majani yake. Mtume hakumkemea, alimwomba Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hata masahaba walihitaji dua ili waipende nchi mpya. Nanyi jiombeeni.

Kwetu sisi wenyeji, neno langu ni moja, ingawa ni zito zaidi. Mgeni amebeba mizigo miwili: wa kuiacha mila aliyoizoea na wa kujifunza asiyoijua. Mwenyeji habebi hata mmoja, naye huona kwamba mgeni anakwenda polepole. Ansari hawakungoja Wahajiri wajifunze kwanza ndipo wawapende. Tukiona jambo tusilolifahamu, tuulize kabla hatujahukumu. Swali dogo, “Kwenu hili hufanywaje?”, lingaliokoa nyumba mbili miezi mingi ya uadui.

Na ili maneno haya yasiishie ukumbini, naleta mbele ya chama mambo mawili. Kwanza, watafutwe vijana wetu waliosoma, wafundishe Kifaransa na Kirundi jioni katika chumba cha madrasa, kwa watoto waliotoka ng'ambo, bila ya malipo. Pili, pakitokea msiba, chama kitume wazee wawili, mmoja mwenyeji na mmoja wa waliorejea, wamwulize mfiwa siku ile ile atakavyo, kisha wawatangazie majirani. Twajua kwamba Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Muta, Mtume aliamuru jamaa zake wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Kumlisha mfiwa ni kazi ya jirani, wala jirani hawezi kuifanya vyema akiwa hajui nini kinangojewa kwake.

Yule mtoto aliyeniuliza lile swali sasa ni kijana, naye yumo humu leo. Husalimia wazee kwa shikamoo, na mkono wa kushoto ukishika kiwiko. Sikumfundisha mimi, wala sidhani kwamba amefundishwa na mtu. Ameyachukua yote mawili, na sijaona mzee yeyote, wa hapa wala wa ng'ambo, aliyeikataa salamu yake.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, awarehemu waliotangulia, waliozikwa pande zote mbili za ziwa, na atujaalie tuwe wenyeji wema na wageni wema, kwani katika dunia hii sisi sote ni wapitaji.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.